Msikiti wa Jamia, Nairobi: Mgeni aingie vipi?

Msikilizaji, ukienda Nairobi huenda umepita karibu na City Market ukaona kuba tatu za rangi ya fedha na minara miwili. Huo ni Msikiti wa Jamia. Wengi huutazama kwa nje tu wakaendelea na safari, wakihofia kukosea. Leo tunaeleza namna ya kuingia kwa heshima.

Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na kati ya waliofika na reli hiyo walikuwa Waislamu kutoka India. Msikiti ulianzishwa mwaka 1902 na Syed Maulana Abdullah Shah. Jengo la sasa lilijengwa kati ya 1925 na 1933. Neno jamia linatokana na Kiarabu, lenye maana ya kukusanya, kwa kuwa hapa ndipo watu hukusanyika kwa sala ya Ijumaa.

Kwanza, chagua wakati. Waislamu husali mara tano kwa siku, na Ijumaa mchana msikiti hujaa sana. Kama huendi kusali, epuka saa hizo.

Pili, vaa nguo zinazositiri mwili. Mwanamke ajifunike kichwa.

Tatu, ukifika langoni salimia, useme umekuja kutembelea. Asiye Mwislamu aombe ruhusa kwanza. Akiambiwa asubiri, asubiri.

Nne, vua viatu. Anayesali huweka paji la uso kwenye zulia, kwa hiyo lazima libaki safi. Zima sauti ya simu, usipige picha bila ruhusa, wala usipite mbele ya mtu anayesali.

Ndani utaona safu zote zimeelekea upande mmoja. Huko ndiko kibla, yaani Makka, ambayo kwa aliyeko Nairobi iko kaskazini.

Na wewe Mwislamu uliyetoka mbali, kumbuka kwamba msafiri ana ruhusa ya kufupisha sala za rakaa nne zikawa mbili. Lakini ukisali nyuma ya imamu ambaye ni mkazi, kamilisha naye zote nne.

Kama bado una wasiwasi, mwombe jirani au rafiki Mwislamu mwende pamoja. Atakuonyesha pa kuweka viatu na pa kukaa.