Praima si rangi, mazee!

Mkoko wangu ni Volkswagen ya mwaka 1972, ile yenye mgongo kama wa kobe. Mzee kanikabidhi mwenyewe, na sharti lake moja: isije ikafia mikononi mwangu. Sasa ilibaki kidogo tu ife, na muuaji nilimlipa mimi.

Ilikuwa hivi. Mshiko wa kupiga rangi gari zima sikuwa nao. Fundi mmoja wa bodi akaniambia, "Bwana mdogo, tuikwangue, tuipige redi oksaidi, uendeshe hivyo hivyo mpaka ujipange." Nikaona jamaa ana akili. Msimu mzima wa masika ukapita, hapa Dar, gari likiwa na praima tupu. Siku moja naosha, nikabonyeza chini ya mlango. Kidole kikazama!

Kumbe praima ya kawaida ni kama sponji. Kazi yake ni kushika bati na kuishika rangi ya juu, basi. Maji inayaachia yapite, na kwetu pwani yanakuja na chumvi, ndiyo kutu inashangilia. Ubaya zaidi, redi oksaidi na kutu rangi ni moja. Gari linaliwa huku unalitazama.

Nikahamia gereji nyingine. Cha kwanza waling'oa kiti cha nyuma, maana kwenye gari hizi betri inakaa humo chini. Asidi ilikuwa imedondoka miaka na miaka, sakafu imekuwa chujio. Hapo pati ni kujidanganya, nayo inanyonya unyevu vile vile. Wakakata, wakachomelea bati jipya. Na chini ya milango pia, kwa sababu ile mifereji ya hewa ya moto ndiyo inayoibeba bodi.

Palipokuwa na kutu ya juu juu, walitumia brashi ya waya, msasa mpaka bati ling'ae, kisha dawa yenye asidi ya fosforasi. Wakaisafisha kama kopo linavyoelekeza, wakakausha, na siku hiyo hiyo wakapiga praima ya epoksi, ile ya kuchanganya na hadina. Hiyo inazuia maji kweli (mvuke wake si mchezo, vaa kinyago). Ila jua huichosha, kwa hiyo juu yake tukapitisha rangi ya gari ya bei poa. Rangi ya mafuta ya nyumba usithubutu: siku ya rangi kamili, thina itaikunja kama chapati.

Vitundu vya kutolea maji chini ya milango nazibua kwa waya. Mvua ikinyesha nainua mazulia yakauke. Na sifuniki gari kwa nailoni, linatoka jasho humo ndani.

Washikaji wanalicheka, eti lina rangi ya panya. Poa tu. Jana nimebonyeza tena chini ya mlango, pagumu. Sasa ugomvi uliobaki ni wa rangi kamili: Mzee anataka bluu ileile ya zamani, mimi nataka njano.