Pampu ya Mkono Ikipungua Nguvu, Usikimbilie Kusema Kisima Kimekauka

Kati ya Lodwar na Kakuma ni mwendo wa takriban kilomita 120, na msafiri hukutana na laga kavu nyingi kuliko mito yenye maji. Katika vijiji vya huko, pampu ya mkono ikifa, akina mama huchukua mitungi wakaenda kuchimbua mchanga wa laga, au hutembea hadi kisima kinachofuata. Ndiyo maana maneno "kisima kimekauka" hayafai kutamkwa kwa pupa. Mara nyingi kisima kina maji yake kama kawaida. Kilichokwisha ni kipande cha mpira kinachoenea kwenye kiganja cha mkono.

Sisi wa Pwani tuna haki ya kulisemea jambo hili. Pampu ya Afridev, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika visima vya mashambani nchini, ilijaribiwa na kurekebishwa huku kwetu Kwale katika miaka ya 1980, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Shabaha ilikuwa moja: wanakijiji wenyewe, wake kwa waume, waweze kuifungua na kuitengeneza bila kungoja gari la serikali. Mchoro wake uliachwa wazi, kiwanda chochote kinaweza kuiunda, na leo inatumika hadi Afghanistan.

Inavyofanya kazi

Chini kabisa ya kisima, ndani ya maji, kuna silinda. Ndani ya silinda kuna pistoni iliyovishwa mpira wenye umbo la kikombe. Ukishusha mpini, fito za chuma huivuta pistoni juu, nayo huyapandisha maji yaliyo juu yake. Wakati huohuo maji mengine huingia kwa chini kupitia valvu ya chini. Ukiinua mpini, pistoni hushuka, valvu ya chini hujifunga, na maji hupenya kwenye valvu ya pistoni yakawa juu yake tayari kwa mvuto mwingine.

Kwa hivyo nguvu ya pampu yote imo katika kuziba. Ni kama pampu ya baiskeli au bunduki ya upepo: mpira wa pistoni ukilika, unasukuma kwa nguvu zilezile lakini kazi haionekani, kwa sababu unachokisukuma kinarudi nyuma kupitia pembeni. Adui mkubwa wa mpira huo ni mchanga, nao Turkana hauna uhaba.

Vipimo viwili vya kuanzia

Kabla ya kufungua chochote, pima. Huhitaji chombo cha kitaalamu, ila ndoo, saa na mtu mwenye subira.

Kwanza, piga pampu mpaka maji yatoke vizuri, kisha iache nusu saa bila mtu kuigusa. Ukirudi, hesabu. Maji yakitoka kabla ya kupita mara tano, valvu ya chini na bomba vimeyashika maji yasirudi kisimani. Yakihitaji mara kumi, ishirini au zaidi, kuna mahali yanavuja kurudi chini.

Pili, maji yakishaanza kutoka, weka ndoo na upige mara 40 kwa dakika moja, mpini ufike mwisho juu na chini. Silinda ya Afridev ina upana wa milimita 50 na pistoni husafiri milimita 225, kwa hivyo mvuto mmoja kamili ni chini kidogo ya nusu lita. Mara 40 zingetoa karibu lita 18 iwapo hakuna tone linalopotea. Ukipata lita 10 au chini yake, pampu haifanyi kazi yake.

Majibu ya vipimo hivi yasomwe pamoja. Maji yakiwahi kutoka lakini ndoo haijai, shuku mpira wa pistoni au valvu yake. Yakichelewa kutoka lakini baadaye ndoo ikajaa sawasawa, shuku valvu ya chini na oringi yake. Ukibadilisha hivyo na bado maji yanachelewa, basi bomba lenyewe limepasuka au kiungo chake kimeachia, na hapo ndipo kazi inapokuwa nzito.

Mpini nao husema. Ukiwa mwepesi ghafla na hakuna maji, fito zimekatika au zimeachana. Maji ya chumvi hula chuma, hasa kwenye ndoano zinazounganisha fito. Ukicheza huku na huku, vikombe vya plastiki vinavyoushika vimelika, na pistoni haisafiri tena umbali wake wote. Usivitie mafuta. Viliundwa vifanye kazi vikavu, tena hayo ni maji ya kunywa.

Kuna dalili moja isiyo ya pampu. Maji yakitoka kwa nguvu alfajiri, yakakatika watu wakishateka mitungi mingi, kisha yakarudi baada ya kisima kupumzika, basi mashine ni nzima. Kisima ndicho kinachojaa polepole kuliko kinavyotekwa. Hapo dawa ni kupanga zamu, au kushusha silinda zaidi kama kina kinaruhusu. Afridev hufanya kazi hadi kina cha mita 45 hivi.

Kuitengeneza

Kichwa cha pampu hufunguliwa kwa spana moja tu. Toa mpini, kisha vuta fito moja baada ya nyingine. Huunganishwa kwa ndoano na tundu, hazihitaji chombo. Zilaze juu ya turubai safi, si mchangani. Pistoni hutoka na fito ya mwisho, nayo valvu ya chini hunaswa kwa ndoano maalumu na kupandishwa kupitia bomba lilelile, bila kung'oa bomba. Huo ndio uzuri wa mchoro uliojaribiwa Kwale.

Vaa pistoni mpira mpya, mdomo wa kikombe ukitazama juu. Ukiugeuza, maji hayapandi. Badilisha oringi na vipira vya valvu kwa pamoja, kwa sababu vimefanya kazi muda sawa. Rudisha kila kitu, tia dawa ya klorini kisimani, kisha rudia vipimo viwili. Bila kupima tena, hujui kama umetengeneza. Na kamati isingoje pampu ife: vipande hivi vidogo hubadilishwa kila mwaka hata kama pampu bado inatoa maji.

Mpira uko wapi?

Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Fundi anayejua kazi anaweza kumaliza katika siku moja, lakini mpira ukiwa dukani Kitale au Nairobi, siku hiyo moja inakuwa mwezi. Kyuso, kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vya kutuma ujumbe kwenye mipini ya pampu na kuweka kikosi cha mafundi chenye vipuri tayari. Muda wa pampu kukaa imekufa ukashuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Pampu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba habari ilifika mapema na mpira ulikuwa karibu.

Turkana imezoea kuahidiwa maji kwa mambo makubwa. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba chini ya ardhi ya Lotikipi kuna hazina kubwa ya maji. Vipimo vya baadaye vikaonyesha chumvi iliyozidi kiasi cha kunyweka. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, inahudumiwa na visima vyenye mitambo na bomba za pamoja. Mfugaji aliye mbali na kambi na mbali na Lodwar mjini bado anategemea mpini wa chuma na mikono yake.

Wahenga wa huku walionya, usiache mbachao kwa msala upitao. Kuchimba kisima kirefu hugharimu mamilioni, na siku ya kukifungua huwa na hotuba na wapiga picha. Kubadilisha mpira hakuna mgeni wa heshima. Kaunti na mashirika yanayochimba visima yaweke kwanza sanduku la vipuri Lodwar na jingine Kakuma, pamoja na fundi anayelipwa kwa kila pampu iliyo hai. Nayo kamati ya kila kijiji iwe na daftari la vipimo vya kila mwezi. Lita zikianza kupungua, wataona wenyewe, mapema, kabla hakuna mtu aliyelazimika kurudi lagani.