Kofia ya Pikipiki Ikukae Sawasawa

Je, kofia yako ya pikipiki inakutosha? Ukienda mbio katika barabara kuu, upepo huingia chini ya kofia iliyolegea. Huinua na kuitikisa, usione njia vizuri. Ukianguka, kofia hiyo huchomoka, na kichwa hubaki wazi.

Kabla ya kununua, zungusha uzi kichwani, juu kidogo ya nyusi. Upime uzi kwa rula. Kofia nyingi huandikwa sentimita ndani yake.

Vaa kofia, ufunge mkanda. Vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Tikisa kofia: ngozi ya uso iende pamoja nayo. Kisha ishike kisogoni, uisukume juu kuelekea mbele. Ikitoka, haikufai. Tafuta iliyo ndogo zaidi.

Abiria wako naye mpime. Kichwa chake si chako.