Betri Mbili Katika Boti

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba betri huhifadhi nishati. Sasa utajifunza kwa nini boti ya injini inafaa kuwa na betri mbili, na jinsi betri hizo zinavyochajiwa pamoja bila moja kuimaliza nyingine.

Betri ya boti huwa na seli 6. Kila seli hutoa volti 2 hivi, kwa hiyo betri nzima hutoa volti 12. Ndani ya kila seli mna mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi.

Fikiri juu ya boti ya wavuvi wa usiku. Injini yake huwashwa kwa mota inayopata umeme kutoka katika betri. Mota hiyo huhitaji mkondo mkubwa sana, lakini kwa sekunde chache tu. Wavuvi wafikapo mahali pa kuvulia, huzima injini. Taa na redio ya mawasiliano huendelea kutumia umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kama betri ni moja tu, huenda alfajiri ikawa imekwisha. Hapo injini haiwaki, redio iko kimya, na boti huchukuliwa na upepo na maji.

Kwa sababu hiyo betri ya injini hutengwa na betri ya taa. Lakini zote mbili huchajiwa na mashine moja ya kufua umeme, ambayo huzungushwa na injini. Je, tuziunganishe kwa waya tu? Fanya jaribio lifuatalo.

JARIBIO

Vifaa: makopo mawili yanayolingana, maji, kikombe, na mpira mwembamba wa maji.

1. Jaza maji katika makopo yote mawili. Yaite A na B.
2. Jaza maji katika mpira, kisha ziba ncha zake kwa vidole. Tumbukiza ncha moja katika kopo A na nyingine katika kopo B, zifike chini. Sasa ondoa vidole.
3. Teka vikombe vichache vya maji kutoka kopo B. Ngoja kidogo. Unaona nini katika kopo A?
4. Jaza makopo tena. Safari hii ukunje mpira na kuubana sana, kisha uteke maji ya B.

Mara ya kwanza maji ya A yalipungua pamoja na ya B, ingawa hukuyagusa. Mara ya pili maji ya A hayakupungua.

Betri nazo ni hivyo hivyo. Zikiunganishwa kwa waya tu, taa humaliza betri zote mbili. Kwa hiyo swichi huwekwa kati ya ncha zao chanya. Injini ikiwaka, swichi hufungwa ili umeme upite, na betri zote huchajiwa. Injini ikizimwa, swichi hufunguliwa.

Lakini mtu aliyechoka huweza kusahau. Kwa hiyo boti nyingine huwa na swichi ya sumakuumeme. Hii hujifunga yenyewe volti zinapopanda wakati wa kuchaji, na hujifungua zinaposhuka. Nyingine hutumia daiodi. Daiodi hufanya kazi kama vali ya tairi la baiskeli: huruhusu mkondo uingie katika betri, wala hairuhusu urudi.

TAHADHARI

Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikipatwa na cheche. Iwekwe mahali penye hewa ya kutosha, mbali na moto. Asidi yake huunguza. Ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi, kisha mwambie mtu mzima.

MASWALI

1. Kwa nini betri ya taa hutengwa na betri ya injini?
2. Katika jaribio, mpira ulikuwa mfano wa kitu gani katika boti?
3. Nahodha amezima injini akasahau kufungua swichi. Eleza yatakayotokea kabla ya asubuhi.