Nenda Barazani na Swali Lako

Mkulima wa Machakos ajua kwamba baraza si mahali pa kusinzia. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Wakamba kupunguza ng'ombe wao, maelfu walikwenda Nairobi kumwona Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alipelekwa kifungoni Lamu. Lakini amri ile ililegezwa.

Huko Vermont, Marekani, wenyeji hukutana Jumanne ya kwanza ya Machi kupigia kura fedha za barabara. (Wao hulalamikia theluji, sisi vumbi!)

Nasi, kwa Katiba ya 2010, ni lazima tuulizwe kabla ya bajeti ya kaunti kupitishwa. Basi mwenye shamba katika skimu asingoje jirani amsemee. Siku ya mkutano ikitangazwa, aende aulize: njia ya sokoni itatengenezwa lini, na kwa fedha ngapi?