Je, Wajua? Mgonjwa akijigeuza, moyo mzima huweza kuonekana mgonjwa

Mgonjwa wa Singida anayefuata kamera ya gama Dar es Salaam husafiri karibu kilomita 700, na picha ya moyo wake yaweza kuharibiwa na kujigeuza mara moja tu. Hudungwa dawa yenye teknishiamu-99m, kisha kamera humzunguka kwa dakika 15 hadi 20 ikikusanya picha kutoka pembe nyingi. (Mionzi ya dawa hii hupungua nusu kila saa 6.) Hesabu za kompyuta huchukulia kwamba moyo haukuhama. Ukihama hata sentimita moja katikati ya kazi, vipande visivyolingana huunganishwa, na ukuta wenye afya huonekana kana kwamba haupati damu.

Wapo wanaosema programu za kurekebisha zimemaliza tatizo hilo. Zimelipunguza tu. Programu za kawaida husogeza kila picha juu, chini au kando hadi mioyo ipangane. Kiwiliwili kilichojipinda haziwezi kukinyoosha, na zikikosea huzua dosari isiyokuwepo. Ndiyo maana picha ghafi zinapaswa kuchunguzwa kabla mgonjwa hajaondoka. Atakayehofia kwamba kurudia ni kuongeza mionzi akumbuke kuwa dawa hii hukaa kwenye misuli ya moyo kwa saa kadhaa: picha hurudiwa bila sindano ya pili, ilhali kuitwa tena kutoka Singida wiki ijayo ni nauli nyingine, pengine na sindano nyingine pia.