Waridi la Naivasha Lapanda Meli

Kwa miongo kadhaa, waridi linalokatwa asubuhi katika vivungulio, yaani nyumba za plastiki za kukuzia mimea, kandokando ya Ziwa Naivasha limesafirishwa kwa lori lenye jokofu hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, likapakiwa ndegeni na kufika mnadani Aalsmeer, Uholanzi, siku chache tu baada ya kukatwa. Mtaa wa Kihoto, ambako wafanyakazi wengi wa mashamba hayo hupanga vyumba, umekua kwa mwendo huo wa kukata leo na kuuza keshokutwa. Mwendo huo ndio unaobadilishwa na meli.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipozuia ndege na kufunga masoko, maua mengi yalitupwa, na nauli ya mizigo ya angani ikapanda. Wanunuzi wa Ulaya nao walikuwa wakidai bidhaa zinazosafirishwa kwa hewa chafu kidogo, jambo ambalo meli huishinda ndege kwa mbali sana. Kwa sababu hizo Baraza la Maua la Kenya lilijiwekea lengo la kusafirisha nusu ya maua kwa bahari ifikapo 2030.

Ugumu ni kwamba ua lililokatwa bado li hai: linapumua, likila akiba ya sukari iliyomo ndani yake, na joto likizidi akiba hiyo huisha upesi. Kwa hiyo maua hufungiwa katika kontena lenye jokofu, kwenye baridi ya karibu nusu ya nyuzi moja ya Selsiasi. Kontena hilo, hata hivyo, limeundwa kuhifadhi baridi, wala si kulipoza ua lililotoka juani, na hivyo kazi ya kulipoza ni ya shamba. Unyevu ukijikusanya juu ya petali, kuvu ya kijivu iitwayo Botrytis huota, na dalili zake huenda zisionekane hadi sanduku lifunguliwe ng'ambo. Ndiyo maana meli haiwafai wakulima wote kwa usawa: anayeweza kujenga vyumba vya baridi na kungoja malipo kwa wiki nyingi hunufaika kabla ya jirani yake mdogo. Hata aina ya ua ina neno, kwani makarnesheni huvumilia safari ndefu kuliko mawaridi mengi.

Kupitia Mfereji wa Suez, safari ilichukua takriban mwezi mmoja. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka kwa siku 10 hadi 14 hivi. Kwa njia hiyo, waridi la Siku ya Wapendanao, Februari 14, hukatwa karibu na Krismasi, ilhali oda inayoletwa Januari haina budi kupanda ndege.